Wakikupa "mwanafunzi" kliniki ya chuo, usikate simu

Najua wengi mnasoma hii mtoto akinyonya, simu iko mkono wa pili, kwa hiyo sitazunguka sana. Nitazunguka kidogo tu, mnanijua.

Kwa wale wapya: mimi ni nesi, nimesomea Tanzania, sasa hivi nafanya kazi kliniki ya watoto hapa Marekani. Naandika kila Jumapili usiku nikishawalaza wangu. Wiki mbili zilizopita tuliongea kuhusu yale maswali kumi mnayopewa mkileta mtoto kupimwa uzito, yale ya katika siku saba zilizopita umeweza kucheka, umelia, umejilaumu bila sababu. Leo tuongelee kinachofuata pale majibu yako yanapoonyesha kwamba hauko sawa, na mtu anakupigia simu kukupa miadi.

Jumatano niliandikiwa na mama mmoja. Ameniruhusu niseme habari zake bila jina wala mji. Ana mtoto wa miezi minne, wa kwanza. Halali hata mtoto akilala. Anasimama juu ya kitanda cha mtoto kuhesabu pumzi, anarudi kulala, anaamka tena kuhesabu. Mchana analia akiosha chupa. Nesi wao akamwandikia rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili ya chuo kikuu cha mji ule, ile inayohudumia watu wa mtaani na siyo wanachuo peke yao. Baada ya wiki tatu simu ikalia, mkalimani yuko kwenye laini. Mkalimani akasema, "Wanasema utaonana na mwanafunzi."

Mume alikuwa pembeni, simu iko kwenye spika. Akajibu yeye: "Waambie sisi siyo panya wa maabara." Simu ikakatwa.

Sasa ananiuliza: dada nesi, tumekosea?

Mdogo wangu, kuuliza mngeuliza hata maswali ishirini, ni haki yenu. Lakini simu mliikata mapema mno. Na mimi nina sababu ya kusema hivyo kwa uchungu, nitawaambia huko mbele.

Kwanza hilo neno, maana naona ndilo lililoharibu. Ukiambiwa "mwanafunzi" unamwona nani? Mimi namwona mtoto wa sekondari, sketi ya bluu, kaunta buku kwapani. Nani atampa huyo siri za ndoa yake? Lakini mtu waliyetaka kumpa yule mama siyo huyo. Kwa Kiingereza wanamwita intern, na Kiswahili chake tunacho tayari. Tanzania tunamwita mtarajali, mmesikia "madaktari watarajali" kwenye taarifa ya habari. Wakenya mnasema mwanagenzi. Ndugu zangu wa Kongo, huyo ni stajiere, mnamjua vizuri sana. Mkalimani angesema "mwanasaikolojia mtarajali" pengine yule baba asingepandisha sauti.

Na watarajali umeshakutana nao. Wewe uliyejifungulia hospitali kubwa nyumbani, daktari aliyekushona saa nane usiku macho mekundu kwa usingizi, uwezekano mkubwa alikuwa mtarajali. Amesoma miaka mitano kama ni Tanzania, sita kama ni Kenya, na yuko kwenye ule mwaka wa vitendo kabla hajapewa leseni kamili. Hukumwita mwanafunzi. Ulimwita dokta, na ukamwambia asante.

Huku kwenye saikolojia mambo yako karibu hivyo hivyo, ila safari ni ndefu zaidi. Mtu anamaliza shahada ya kwanza, miaka minne. Anaingia masomo ya udaktari wa saikolojia, mara nyingi miaka mingine minne au mitano, na humo humo anaanza kuonana na watu wenye shida akiwa chini ya wasimamizi. Mwishoni kabisa unabaki mwaka mmoja wa kufanya kazi muda wote kwenye kliniki au hospitali. Bila kuumaliza huo mwaka, hapati shahada. Na nafasi zenyewe zinagombaniwa. Wanaomba, wanahojiwa, halafu yeye anapanga vituo anavyovitaka kwa mpangilio, na vituo navyo vinapanga watu wanaowataka, kompyuta inawaoanisha. Mwezi wa pili anapata jibu: unaenda mji fulani. Anaenda. Wengine wanavuka nchi nzima. Kwa hiyo yule binti anayekufungulia mlango mwezi wa tisa, inawezekana naye hajajua bado duka la mchele liko wapi. Hilo peke yake mimi lilinipunguzia hofu.

Lakini kikubwa ni kwamba hayuko peke yake. Vituo vya mafunzo vilivyoidhinishwa na chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, vinatakiwa vimpe mtarajali usimamizi usiopungua saa nne kila wiki, na angalau saa mbili kati ya hizo anakaa yeye na mwanasaikolojia mwenye leseni, wawili tu, wanapitia kazi yake. Alikwambia nini huyu mama? Wewe ukajibu nini? Kwa nini ulinyamaza hapo? Na wasimamizi wanatakiwa waone kazi yake kwa macho yao, ama wakiwepo au kwa video, siyo kusimuliwa tu.

Niulizeni mimi sasa. Ni lini mara ya mwisho mtu alikaa pembeni yangu akaangalia ninavyoongea na mama mwenye huzuni? Sikumbuki. Nina leseni, wananiamini, siku nikiwa nimechoka nimechoka peke yangu.

Sisemi kwamba mtarajali anamzidi mwanasaikolojia wa miaka ishirini kazini. Hamzidi. Lakini huyo wa miaka ishirini hayuko mezani kwako. Mezani kwako kuna mtarajali wiki ijayo, au mwenye leseni baada ya miezi kadhaa, au kuendelea kuhesabu pumzi za mtoto usiku kucha. Ndivyo uchaguzi ulivyo, jamani, hata kama hatuupendi.

Sasa yangu.

Nilipojifungua wa pili huku Marekani, sikuwa sawa. Nyumbani kwa wa kwanza nilikandwa maji ya moto, nililetewa uji wa pilipili manga, mama alilala chumba kimoja na mimi arobaini nzima. Huku nilirudi nyumbani siku ya pili, theluji nje, mume kazini, mimi na watoto wawili na microwave. Nilirudi kazini mapema kuliko nilivyotaka. Nikawa nawauliza akina mama wengine yale maswali kumi, nawajazia, nawapa rufaa, na nikishamaliza naenda kukaa ndani ya gari langu pale maegesho nalia dakika kumi na tano, napaka poda, narudi ndani.

Daktari wangu akanipa rufaa. Simu ikaja mwezi wa kumi na moja. Dada wa mapokezi akaniambia kwa adabu kabisa kwamba wana nafasi wiki ileile na intern wa saikolojia. Nikakataa. Na mimi sikuwa na kisingizio cha mkalimani, niliuelewa ule msemo vizuri kabisa. Nilikataa kwa sababu mimi mwenyewe nilishakuwa mwanafunzi. Nakumbuka mama niliyemtafuta mshipa mara tatu nikamkosa, mkono ukavimba, akaniangalia tu bila kusema neno. Nikajisemea: sasa zamu yangu nichomwe moyoni na mtu anayejifunza? Hapana. Nikaomba aliyekamilika. Wakaniambia sawa, ila orodha ni mpaka mwezi wa tatu.

Basi nikakaa. Desemba yote sikuweza kumbeba mtoto bila kuwaza nitamwangusha. Nikawa namshusha ngazi nimekaa chini, ngazi moja moja, kwa makalio. Mume akanikuta siku moja niko katikati ya ngazi na mtoto, nimegandia pale, sijui kwa muda gani. Hakuuliza kitu. Alimchukua mtoto, kesho yake asubuhi akapiga simu mwenyewe kuuliza kama yule intern bado ana nafasi. Ilikuwepo, mwezi wa kwanza.

Nilienda nimenuna. Alikuwa binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, daftari mapajani, peni mbili. Kitu cha kwanza akaniambia yeye ni mtarajali, akataja jina la msimamizi wake, akanionyesha limeandikwa kwenye fomu. Wanatakiwa wafanye hivyo, ni maadili ya kazi yao. Wakati huo sikujua, nikadhani anajihami.

Kikao cha pili nikamtega. Nikamuuliza swali la kinesi kuhusu dawa za sonona na kunyonyesha. Nilitaka nione atakavyobabaika. Akasema, "Hilo mimi sijui, na dawa siyo kazi yangu kuandika. Nitamuuliza msimamizi wangu leo, Alhamisi nitakujibu." Alhamisi akanijibu, akanipa na jina la daktari wa kumuuliza zaidi. Mama zangu, miaka yote niliyofanya kazi hospitalini, za kwetu na za huku, ni watu wangapi niliowasikia wakisema "sijui" na kisha wakarudi na jibu? Pale ndipo nilipoanza kuongea.

Aliniuliza arobaini ni nini. Nani alikukanda, nani alikuwa anapika, nani alimwogesha mtoto, wewe ulikuwa unafanya nini. Nilipomaliza kumweleza nilikuwa nalia, maana kumbe sikuwa nimewahi kuhesabu watu waliokuwa wananibeba kwa mtoto wa kwanza. Nilihesabu tisa.

Kuna watu wataniambia kliniki za chuo ni za masikini, ni mahali pa kutupia watu wasio na bima nzuri. Nimelisikia kanisani, nimelisikia kwenye kikundi chetu cha kuchangiana. Bei ni ya chini, kweli, nyingi zinapanga malipo kulingana na kipato chako, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mjue kliniki ya kwanza kabisa ya saikolojia nchi hii ilianzia chuo kikuu, Pennsylvania, mwaka 1896. Mwanasaikolojia Lightner Witmer aliletewa mvulana na mwalimu wake kwa sababu alikuwa hawezi tahajia, akili anayo lakini maneno hayashiki. Kumbe sehemu ya shida ilikuwa macho. Yaani kazi hii ilianza na mwalimu aliyechoka kubahatisha na mtoto aliyeonekana mzembe, ndani ya chuo, mbele ya watu wanaojifunza. Hilo neno "jamii" unaloliona kwenye vibao vya kliniki nalo lina historia. Oktoba 1963 Rais Kennedy alitia saini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili karibu na watu, ili wasifungiwe kwenye hospitali kubwa za mbali. Vingi vya vituo hivyo havikuwahi kujengwa. Pengo lile bado lipo, na mojawapo ya vinavyoliziba mpaka leo ni hizi kliniki za mafunzo.

Haya, turudi kwa mambo yanayowatisha, maana inboksi yangu imejaa.

Video. Ndiyo, wengi watakuomba ruhusa wakurekodi. Akina mama wa kwetu tukisikia kamera tunafunga mdomo, na mimi nilifunga. Lengo lake ni ile kazi ya msimamizi kuona kwa macho. Lazima uombwe ridhaa, na kabla ya kuweka saini uliza nani ataitazama, inahifadhiwa wapi, inafutwa lini. Uliza pia kama ukikataa bado utahudumiwa, maana kliniki nyingine za mafunzo zinaweka kurekodi kuwa sharti. Wangu alikubali kamera iangalie kiti chake, mimi nisikike sauti tu. Usingeuliza usingejua kama hilo linawezekana.

Mkalimani. Hapa nina ukali kidogo. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bure, na haitakiwi kumtumia mwanao wa miaka kumi na moja kutafsiri, labda iwe dharura ya papo hapo. Najua watoto wetu wanatafsiri kila kitu, barua za shule, benki, mwenye nyumba. Lakini hili la "mama yako amewahi kutamani kufa" asilitafsiri mtoto. Ukipewa mkalimani unayemjua, wa kanisani au wa msikitini, una haki ya kusema hapana, naomba wa simu kutoka jimbo jingine. Na sema Kiswahili chako ni cha wapi. Mama wa Bukavu au Lubumbashi akiwekewa mkalimani wa Tanga wataelewana mchele na sukari, lakini wakifika kwenye mambo ya moyoni wanaanza kupishana. Mtarajali mwenyewe huenda hajawahi kufanya kazi na mkalimani maishani. Mwambie aongee sentensi fupi na akuangalie wewe, asiiangalie simu. Hatakasirika, ataandika kwenye daftari.

"Watanichukulia mtoto." Hili ndilo mnaloniandikia usiku wa manane. Sitawadanganya: wanasaikolojia, na watarajali pia, na mimi nesi, sheria inatutaka tutoe taarifa tukishuku mtoto anaumizwa au ametelekezwa. Lakini kuwa na huzuni siyo kumuumiza mtoto. Kupitiwa na wazo baya linalokutisha na usilolitaka, kama mimi na zile ngazi, siyo kumuumiza mtoto, na ni jambo linalowapata akina mama wengi sana. Ninachokushauri, kikao cha kwanza kabla hujafungua moyo, mwambie: nieleze ni mambo gani utalazimika kuyatoa nje ya chumba hiki. Ni swali la kawaida, wanalitegemea. Sikiliza jibu lake mpaka uelewe, ndiyo uendelee.

Na akina baba mnaosoma kwa mgongo wa mke, karibuni. Swali la "wanatufanyia majaribio" nawajibu hivi. Majaribio ya utafiti yana fomu yake peke yake, na una haki ya kuikataa bila kupoteza matibabu. Kutibiwa na mtarajali siyo kuingia kwenye utafiti. Ukiona fomu ya utafiti kati ya makaratasi, itoe pembeni, uliza. Msiwe wepesi wa kusaini wala wepesi wa kukata simu.

Sasa ubaya wake, maana siwezi kuwasifia tu kama nauza sabuni.

Mtarajali anaondoka. Mwaka wake ni mmoja, unaanza kiangazi na kuisha kiangazi. Wangu aliniambia zikiwa zimebaki wiki tatu. Wiki tatu! Mimi nimeshampa habari za ngazi, habari za mume wangu, habari za mama yangu ambaye sikuweza kumzika kwa sababu ya makaratasi, halafu ananiambia tarehe thelathini na moja mwezi wa saba ndiyo mwisho. Ile kliniki ilikosea, nasema mpaka leo. Tarehe ile ilijulikana tangu siku anaajiriwa. Ningetakiwa kuijua tangu kikao cha kwanza, na huyo anayenipokea ningekutana naye yule wa zamani akiwa bado yupo chumbani.

Nilichofanya mimi ni kukasirika na kuruka kikao cha mwisho. Nilimwandikia ujumbe kwamba mtoto ana homa. Mtoto hakuwa na homa. Alinijibu pole, akaniachia barua mapokezi, nikaichukua baada ya wiki mbili. Alikuwa ameandika kwa mkono yale mambo tuliyokubaliana nifanye siku mbaya zikirudi, namba moja mpaka sita, ya kwanza: piga simu kwa mmoja wa wale tisa. Iko kwenye droo ya jikoni, imemwagikiwa mafuta. Sikupata nafasi ya kumwambia asante, na sina haki ya kumtafuta mtandaoni, nimejizuia.

Kwa hiyo wewe uliza mapema kuliko mimi. Siku ya kwanza: unamaliza lini, na nani atanipokea, na nitakutana naye kabla hujaondoka? Kama umejifungua mwezi wa tano na unaanza mwezi wa sita, omba kabisa mtu ambaye hatahama wiki ya nane, au omba usubiri kundi jipya kama hali yako inaruhusu kusubiri. Uliza jina la msimamizi na namna ya kumpata ukiwa na malalamiko, maana yeye ndiye mwenye dhamana juu yako. Uliza bima, kwani kuna bima zinazolipia mtarajali akiwa chini ya msimamizi na kuna zisizolipia, usije ukashtukia bili nyumbani. Na uliza kama unaweza kwenda na mtoto. Wengi wenu mnakosa miadi kwa kukosa wa kumwachia, na hamkuwahi kuuliza. Mimi nilinyonyesha nusu ya vikao vyangu.

Kama baada ya vikao vitatu vinne humwelewi, au hakuelewi, sema. Ombeni kubadilishiwa. Kuna watarajali wabaya kama kuna manesi wabaya, na kumkataa mtu baada ya kumjaribu ni tofauti na kumkataa kwa jina lake la kazi.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Yote haya ni kwa mama anayeweza kusubiri miadi. Kama umejifungua juzi juzi na siku kadhaa hulali kabisa lakini hujisikii usingizi, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, unaamini mtoto siyo wako au ana kitu ndani yake, au unaona afadhali ufe au mtoto afe, hiyo siyo ya mtarajali wala ya orodha ya kusubiri. Ni 911 au chumba cha dharura, leo, na mtu asikuache peke yako na mtoto. Baba, dada, jirani, ukiyaona haya kwa mama mwenzako usimwombe ruhusa. Ukiwa na mawazo ya kujiua kuna 988, saa zote. Na kuna laini ya akina mama wajawazito na waliojifungua, 1-833-852-6262, usiku na mchana, bure. Sema neno "Swahili" tu, watakutafutia mkalimani.

Yule mama wa Jumatano alipiga tena kliniki Ijumaa asubuhi. Nafasi yake ilishapewa mtu mwingine. Wamempa nyingine, Jumanne ya wiki mbili zijazo saa nne asubuhi, na mtarajali yuleyule. Ile wiki ya katikati nimemwomba nesi wao ampigie, na mdogo wake wa kambo anakuja kulala kwake siku tatu ili apate usingizi. Mumewe ameomba ruhusa kazini ampeleke. Amenitumia picha ya karatasi aliyoandika maswali yake, mwandiko wa fundi, herufi kubwa tupu. La kwanza ni MSIMAMIZI WAKO NI NANI.

Maswali yenu wekeni hapo chini, ya siri leteni inboksi, nitajibu nikitoka zamu. Jumapili ijayo ni vyakula vya miezi sita, na wale mnaoanza na uji wa lishe mwezi wa tatu, nawajua, tutaongea.